Mndimu Juu ya Mkokoteni

Kisauni, Mombasa
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Bi Mwanabibi binti Nassor,
Mtongwe, Likoni.

Shangazi yangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

KUHUSU: OMBI LA KULIMA SEHEMU YA SHAMBA LA MTONGWE

Mimi, Nassor bin Ismail, mtoto wa ndugu yako, ninauleta kwako waraka huu kwa adabu zote, nikiwa na kusudio moja: kukuomba uniruhusu kulima sehemu ya shamba lako la Mtongwe na hatimaye, Mwenyezi Mungu akipenda, kuhamia huko.

Kabla ya kulieleza kusudio hilo kwa ukamilifu, ni wajibu wangu kukuarifu hali zetu. Mimi ni mzima. Mke wangu Swabra ni mzima na cherehani yake haipumziki, kwa kuwa sare za shule zimemfuata mpaka chumbani. Binti yetu Nadira, aliye kwa mumewe Port Reitz, ni mja mzito kwa mara ya pili na anakubusu mkono. Sokoni Kongowea kazi ipo: mikokoteni inavunjika ekseli kila siku, nami ninaiunga.

Huenda ukauliza kwa nini sikuvuka kwa feri nikayasema haya mbele yako. Shangazi, tangu masikio yako yalipopungua, jambo linalosemwa sebuleni kwako husikika hadi kwa muuza mkaa. Iddi iliyopita nilikuuliza habari za goti lako, na aliyekuwa wa kwanza kunijibu ni mpita njia. Ama simu, ujumbe wake ni mfupi mno. Salamu zikishaingia, nafasi ya jambo lenyewe haipo. Kwa hiyo nimeona barua ndiyo njia yenye staha, na Kadenge, anayekukwelea minazi na kuleta nazi sokoni kwetu, amekubali kuwa tarishi wetu.

Sasa nalifikia jambo. Nyumba yangu, kama ujuavyo, ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zangu na mabati ni yangu, lakini ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, naye hupokea kodi yake. Mtu wa namna yangu hapandi mti, kwa kuwa mti ukishashika ardhi ya mtu huzua kesi. Ndiyo sababu kila ninachokula nimekipanda katika chombo: mchicha katika magunia, mnavu katika beseni zilizotoboka, bamia na mabiringani katika matairi, vitunguu katika mitungi iliyokatwa ubavu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hivyo ninakinga mvua inayotoka batini. Mbolea ni majani ya kabeji yanayotupwa Kongowea, ninayoyaozesha mwenyewe. Mwezi uliopita Swabra hakununua mboga hata siku moja.

Pamoja na hayo ninao mndimu. Umo katika pipa, na asili yake nitaieleza wakati mwingine. Kwa kuwa ujia wetu hupata jua upande mmoja asubuhi na upande mwingine alasiri, nimeutengenezea mndimu huo mkokoteni wake maalumu, nami huusukuma kulifuata jua. Majirani hunicheka. "Nassor, mke mwenza wa Swabra ashaota jua leo?" Swabra naye huwajibu dirishani, "Huyu mwenzangu angalau ana ndimu. Waume zenu wana nini?"

Shangazi, kwa chakula hiki ninamshukuru Mungu. Lakini nimechoka kulima kitu kinachosukumwa. Ninatamani kupanda kitu jioni na kukikuta mahali pale pale asubuhi. Ninaikumbuka minazi yako imesimama mbali mbali, na kati yake ardhi imelala. Ningeanza na muhogo na kunde, nikajifunza tabia ya udongo, kisha nikapanda miti yangu nikiwa na nguvu bado.

Nalisubiri jibu lako kwa heshima.

Mtoto wako mtiifu,
Nassor bin Ismail
Fundi wa mikokoteni, Kongowea


Mtongwe
2 Februari 2025

Mwanangu Nassor,

Marahaba, marahaba sana, na waaleikum salaam. Mimi sijambo. Goti ni lile lile, mvua ikikaribia hunambia kabla ya redio. Mato yangu yaona, alhamdulillahi, kwa hivyo hayo maandishi makubwa ya juu ni ya nini? Yaliyoziba ni masikio, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa miwani na mara ya pili kwa kucheka. Wewe tangu udogoni ukitaka maji ya kunywa huanza na hotuba. Marehemu baba yako alikuwa akisema, "Mpeni maji huyu kabla hajafika kwenye dua." Mwambie Nadira asinyanyue ndoo, na mumewe aambiwe vile vile, kwa sauti. Swabra nampa pole kwa sare. Na kwa mke mwenza.

Sasa hiyo mboga. Huo mnavu wako ni ule wa majani mapana au ule mchungu? Wa hapa dukani ni mchungu hata nazi haiutulizi. Nitilie mbegu kwenye karatasi, nina karai lililotoboka nami nitajaribu mambo yako. Na huo mndimu, wazaa kweli ndani ya pipa? Wangu wa kisimani ulikauka mwaka ule wa kiangazi, kisiki chake bado kipo. Siku hizi nanunua ndimu kama mgeni, nao wanipa zile kavu wakidhani kiziwi haoni.

Hilo la shamba nimelisoma.

Nakutumia nazi hizi kwa mkono wa Kadenge. Swabra akupikie wali, na ukila unikumbuke. Usikondeane kwa kazi.

Shangazi yako,
Mwanabibi


Kisauni, Mombasa
Jumapili, 23 Februari 2025

Shangazi yangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

KUHUSU: KUMBUSHO LA OMBI LA TAREHE 19 JANUARI, NA SUALA LA NAZI

Ninakiri kwa shukrani kupokea barua yako pamoja na nazi. Wali ulipikwa, ukaliwa, na jina lako likatajwa kwa dua. Ndani ya waraka huu utakuta mbegu za mnavu wa majani mapana. Zinyunyize juu juu, usizizike, na karai uliweke mahali kuku hawafiki. Nadira hajambo. Mumewe ameambiwa kuhusu ndoo, na Swabra ndiye aliyemwambia, kwa hiyo sauti ilikuwepo.

Mndimu unazaa kweli. Nimempa Kadenge ndimu za kujaza kikapu kidogo akuletee, ili wauza ndimu kavu wakukose.

Kuhusu ombi langu, uliandika kuwa umelisoma. Nimelitafakari neno hilo kwa marefu na mapana, na nimeshindwa kuona ndani yake idhini wala katazo. Kwa hiyo ninakukumbusha kwa adabu.

Lipo na jambo la pili, nalo limenitia wasiwasi. Nilipomshukuru Kadenge kwa nazi za shambani, alicheka. Akasema, "Hizo za shambani? Hizo Bi Mwanabibi kazinunua, mzee Nassor." Nikamuuliza, "Mtu mwenye minazi ananunua nazi?" Akajibu, "Mimi nakwea na kushusha. Zikishafika chini si zangu kuzisema." Kisha akawa na haraka ya ghafla na lori lake.

Shangazi, mimi si mtoto. Mtu anayemiliki minazi na kununua nazi ni mtu anayeliwa. Ni dhahiri kwangu kwamba upo mkono usio wako unaokula mazao ya shamba lile, ukitumia vibaya upole wako na udhaifu wa masikio yako, nawe kwa haya zako unaficha. Kama mtoto wa ndugu yako sitanyamaza. Nimeona ni busara kumshirikisha mtu mwadilifu aliye karibu nawe. Kwa sababu hiyo nimempelekea nakala Imamu wa msikiti wenu, Sheikh Mahir, nikimwomba amtafute mwenye mkono huo na kumwonya hadharani bila kumwonea haya.

Ninakutakia Ramadhani njema inayokaribia, na ninabaki,

Mtoto wako mtiifu,
Nassor bin Ismail

Nakala: Sheikh Mahir, Imamu, Mtongwe


Mtongwe
8 Machi 2025, Ramadhani

Nassor,

Waaleikum salaam.

Ndimu zimefika, asante. Zina maji.

Nani alikutuma upeleke nakala? Barua ya shangazi na mwana, nakala ya nini?

Sheikh Mahir aliipokea siku ya pili ya mfungo. Kwa vile ulivyoiandika kwa taadhima, alidhani imetoka serikalini, na yeye ni mtu anayeheshimu serikali. Basi baada ya Magharibi, watu wamo kwenye baraza la msikiti wana tende na uji mkononi, akasimama akawasomea. Kwa sauti. Kumbusho lako, nazi zako, na huo mkono unaokula mazao ya shamba la Mwanabibi. Nasikia walipofika hapo kwenye mkono, mzee mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu. Mke wa Sheikh alikuja kunihadithia sikioni, na pale alipokosea walio nje walimsahihisha.

Wazee wamekaa juu ya jambo hili. Sikwambii zaidi kwa sasa. Usiniandikie mpaka nikuandikie, na usimwandikie mtu mwingine yeyote Likoni hii kwa ajili yangu.

Ramadhani karim. Wasalimie wote.

Mnavu umeota.

Mwanabibi


Kisauni, Mombasa
Jumapili, 6 Aprili 2025

Shangazi yangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

KUHUSU: RADHI, NA KUONDOLEWA KWA OMBI

Uliniamuru nisikuandikie, nami ninavunja amri hiyo kwa sababu moja tu, ambayo ni kukuomba radhi.

Siku ya Iddi nilivuka na Swabra kuja kukupa mkono. Nyumba yako ilijaa watu, kama ilivyo ada, na jambo langu lilikuwa la kunong'ona, nawe huwezi kunong'onezwa. Ulinitilia biriani, ukanichagulia paja, ukanikazia macho nile. Nilikula. Nilipotoka barazani nikakutana na Sheikh Mahir uso kwa uso. Nilijiandaa kwa lawama. Yeye akanishika bega akasema mbele za watu, "Karibu, Fundi Nassor. Mkono unaokula mazao ndio huu, nimekuja nao ujionee mwenyewe." Baraza zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuuweka uso wangu, lakini nilikuwa sijaelewa ninachekea nini, na hadi ninapoandika sijaelewa kwa ukamilifu.

Ninachokielewa ni hiki: nilidhani ninakutetea, kumbe nimekuaibisha katika mtaa ulimoishi maisha yako yote. Jambo lililokuwa lako kulisema au kulinyamazia, nimelitoa barazani. Kwa hilo ninakuomba radhi bila kutoa udhuru.

Kwa waraka huu pia ninaliondoa ombi langu la tarehe 19 Januari na kumbusho lake. Usijihangaishe kunijibu. Mimi ninacho kishamba changu cha magunia, kinatulisha, na ni wachache mtaani kwetu wanaoweza kusema hivyo. Neno la mwisho juu ya kilimo kati yetu na liwe kwamba mnavu wako umeota. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko biriani.

Mtoto wako mtiifu,
Nassor bin Ismail

Shangazi, shikamoo, ni mimi Swabra naongeza hapa chini. Bahasha amenipa mimi nimpe Kadenge, basi nimeifungua. Asema anacho kishamba chake. Hana. Mwenye ardhi ameuza upande wa pili wa ujia wetu, wamepiga alama za chokaa ukutani na kuta zitapanda karibuni. Hapo jua halitaingia tena, wala mkokoteni hautapita. Magunia tutayagawa kwa majirani. Mndimu hatujui. Pipa limepasuka chini, mizizi imetokeza nje kama vidole, na yeye kila jioni aifunika kwa matambara mabichi. Haya yote yalianza kabla ya barua yake ya kwanza. Nikamwambia, mweleze Shangazi shida yako. Akanambia, "Ombi lenye shida ndani yake ni kuomba sadaka. Mimi naomba kulima." Ndiyo mume wangu huyo. Mimi nimesema, tusameheane.


Mtongwe
20 Aprili 2025

Mwanangu Nassor,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nimekusamehe kabla ya lile paja la kuku, ungejua. Mtu aliyenikasirisha simchagulii nyama.

Swabra mpe salamu zangu peke yake. Usimuulize kwa nini.

Mnavu nimeshauchuma mara mbili. Nimeupika kwa nazi, nikampelekea mke wa Sheikh bakuli. Alirudisha bakuli na swali: mbegu zatoka wapi?

Sasa keti nikwambie lile nililolinyamazia. Nimejaribu kuliandika tangu Januari na kila mara nikaishia kukuuliza habari za mboga.

Shamba lile si langu, Nassor. Nililitoa wakfu. Zamani, masikio yalipoanza kuzima, na baba yako yu hai bado. Nilikwenda kwa Sheikh aliyekuwepo kabla ya huyu, mbele ya mashahidi, nikalitoa kwa ajili ya msikiti na kwa thawabu za mama yangu, bibi yako, aliyeniachia. Haliuzwi, halirithiwi. Nazi zake ndizo uji wa futari na mafuta na mikeka ya msikiti, na sadaka ya wasio na kitu. Ndiyo maana nanunua nazi. Mkono unaokula ulikuwa msikiti, mwanangu, na uliuandikia mkono wenyewe ujitafute ujionye hadharani.

Sikumwambia baba yako kwa sababu angenuna, na sadaka iliyonuniwa ina ladha mbaya. Alipofariki ukabaki wewe. Mimi sina mtoto. Najua sheria kama unavyoijua: nikifa, wewe ndiye ungerithi. Kila ulipokuja na kuitazama ile minazi kwa mato yale, nilikuongezea chakula. Sijutii nilichokitoa, sikwambii uongo. Lakini sikuweza kukuandikia "hapana", kwani ni mimi niliyekutia tamaa ya shamba. Ulipokuwa mdogo ulipanda kunde katika kikombe changu cha harusi, nami nikakupigia makofi badala ya kukupiga.

Basi sikiliza. Msimamizi wa wakfu amezeeka, hapandi hata ngazi ya msikiti. Wazee walipokaa kwa ajili ya barua yako, wengine walikuwa wakali. Wakasema huyu mpwa wake ataingia, atapanda miti, na kesho atasema ardhi ni ya wakfu lakini miti ni yake. Wayajua mambo ya pwani yetu, shamba la huyu na minazi ya yule, mpaka kwa kadhi. Sheikh Mahir ndiye aliyewanyamazisha. Kasema, "Mtu aliyelitetea shamba asilolijua namna hii, akilijua je?" Wakacheka, na mambo mengi hapa huamuliwa watu wakishacheka.

Wanakutaka wewe uwe msimamizi. Kile kibanda cha mawe kipo, chataka bati. Utalima kati ya minazi chakula cha msimu, muhogo, kunde, mboga zako zote, na hicho ni chako ule na uuze. Minazi utaitunza kwa ajili ya msikiti. Na mti wowote utakaoutia wewe ardhini, wa matunda au wa kivuli, siku utakapoutia ni wa wakfu, mbele ya mashahidi. Sharti hilo hawalegezi hata kidogo, nami nimewapigia kelele mpaka waliokuwa njiani walisimama.

Kwa hivyo shamba la kwako halitakuwa. Si lako, si la Nadira, si la wajukuu. Nakwambia wazi sasa ili usije ukasema ulidanganywa na shangazi yako. Ukikataa sitakasirika. Fikiri, na usipeleke nakala.

Shangazi yako,
Mwanabibi


Kisauni, Mombasa
Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi yangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

KUHUSU: KUUPOKEA USIMAMIZI WA SHAMBA LA WAKFU, NA OMBI LA UAMUZI JUU YA MNDIMU

Ninakuarifu kwanza kwamba Nadira amejifungua salama mtoto wa kike, na kwa ridhaa ya mumewe amemwita Mwanabibi. Mtoto ana sauti kubwa, hivyo mtasikilizana.

Nimechelewa kukujibu, na sitaki ucheleweshaji huo uufasiri kwa dhana, kwa hiyo nitaueleza. Barua yako iliniuma. Nimeota shamba langu kwa miaka mingi, na katika ndoto zile nilikuwa na lango, na langoni nilikuwa nimeandika jina langu. Niliposoma kuwa halitakuwa, niliikunja barua nikaenda kazini, nikaunga ekseli ya mtu kinyumenyume hata mwenyewe akaniuliza kama ninaumwa.

Jioni nilirudi nikaketi katika ujia wetu. Ukuta wa upande wa pili umekwisha kufika kifuani pa mtu mzima. Nimepata kujua kuwa habari za ukuta huu unazo, na nimepata kujua zilifikaje. Swabra amekiri huku akinitilia chai, bila dalili yoyote ya majuto. Nilimuuliza, "Wewe waonaje habari ya shamba?" Akasema, "Nyumba yako haina ardhi. Miaka yote umelala humo usingizi mzuri tu. Kibanda hicho kina mahali pa cherehani?" Ninaliwasilisha kwako swali hilo kama lilivyo.

Ndipo nilipoanza kuhesabiana na nafsi yangu kwa haki. Nilikuomba ruhusa ya kulima, nimepewa. Nilikuomba niweze kuhamia, nimepewa. Nilitaka kupanda kitu nikikute asubuhi mahali pale pale, na hakuna ardhi isiyohamishika kuliko ile usiyoweza kuuza hata wewe uliyeitoa. Mwenye ardhi wa Kisauni aliliuza jua langu bila kuniuliza. Huko Mtongwe hatatokea mtu wa kufanya hivyo, kwa sababu ulikwisha kulifunga jambo hilo kabla mimi sijajua kuomba. Shangazi, ulinihifadhia shamba kwa kuninyima. Sina maneno rasmi ya kukushukuru kwa jambo la namna hiyo, nami huwa sipungukiwi na maneno rasmi. Ninakushukuru tu. Ahsante.

Usimamizi ninaupokea. Ipeleke habari hiyo kwa Sheikh Mahir kwa namna uipendayo wewe, na umwambie kuwa namwomba radhi yeye na mkono wake.

Lililobaki ni mndimu, na sasa nitaieleza asili yake, kama nilivyoahidi Januari. Siku tuliyomzika baba yangu, tulipokuwa kivukoni kurudi, kichwa changu kilizunguka, nikashika chuma cha feri nisianguke. Wewe ulitoa ndimu kwenye kanga yako ukanitia mkononi. Ukasema, "Inuse, usiikamue." Sikuikamua. Nilifika nayo nyumbani, na ilipoanza kulainika nikazitoa mbegu zake nikazipanda katika kopo. Moja iliota. Ndimu ile ilitoka katika mndimu wako wa kisimani, ule ambao baadaye ulikauka. Sikukwambia kamwe, kwa sababu niliona haya mtu mzima kumwambia shangazi yake kuwa amekuza ndimu yake katika pipa na kuisukuma juani kama mgonjwa.

Mti huu ndio mti pekee niliopata kuumiliki maishani. Sharti la wazee limenifikia nikiwa nimeketi karibu nao, na ninakiri kuwa nililisoma mara nyingi. Sasa nimeliandikia tamko, kwa maneno haya: "Mimi, Nassor bin Ismail, kwa hiari na akili timamu, ninatamka kuwa kila mti nitakaoupanda katika shamba la wakfu la Mtongwe, ukianza na mndimu, ni wa wakfu tangu siku ya kupandwa kwake, wala si wangu wala wa warithi wangu, na kivuli chake ni cha kila apitaye." Neno la kivuli hawakuliomba. Nimeliongeza mwenyewe. Nitalitia sahihi mbele ya mashahidi, na Swabra atasimama karibu kuhakikisha sibadilishi.

Kadenge amekagua mkokoteni nami, tumeimarisha magurudumu. Amesema tutauvusha mti kwenye feri asubuhi na mapema, yeye akivuta na mimi nikishika shina. Pipa halitastahimili tena zaidi ya mvua hizi, na mvua hizi ndizo zinazofaa kwa kupandia. Hata hivyo, mahali ninapopafikiria si pangu kupachagua. Ni pale kisimani, ndani ya mpaka wa shamba, kando ya kisiki cha mama yake, hatua chache kutoka dirisha lako la jikoni, ili wauza ndimu kavu wasikuone tena dukani kwao. Huenda wewe hupendi pachimbwe pale. Huenda wazee wana mpango mwingine na mahali hapo. Sitaki kukosea tena kwa kudhani.

Waraka huu hauna nakala kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo ninakuomba unijibu kwa mkono wa Kadenge: je, niulete mndimu nikaupande pale kisimani, au nisiulete? Naomba uamuzi wako.

Mtoto wako,
Nassor